Risala ya Kikundi cha Wanawake wa Gulio kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuezeka Boma la Zahanati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Halmashauri yetu ya Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wako, viongozi wetu wa dini, wazee, akina mama wenzetu na vijana: Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu na kufika kwa barabara hii ambayo mwezi huu wa mvua si kila gari hukubali kuipita.

Kikundi chetu kina wanachama 24. Sisi ni wauza mahindi na maharage, wauza nyanya na dagaa, na mama lishe wa gulio la Jumatano. Tulianza kwa kununua hisa na kukopeshana wenyewe chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi ya kijiji, na miongoni mwetu hakuna asiyelipa ushuru wa soko. Ndiyo maana tumeomba risala hii ihusu ushuru, kwani bati zilizoshushwa hapa juzi zimenunuliwa kwa mapato ya ndani ya Halmashauri, na sehemu ya mapato hayo ilitoka kwenye vipochi vyetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, boma hili unaloliona lilijengwa kwa nguvu za wananchi. Tulifyatua matofali, tukabeba mchanga kutoka mtoni na kuteka maji kwa zamu, kila kitongoji na siku yake. Lilipofika kwenye lenta likasimama, na limekaa hivyo misimu minne ya mvua. Mbuzi wamelala ndani ya chumba kilichopangwa kuwa cha kujifungulia, na ukuta wa mashariki uliota kichuguu tulichokivunja wiki iliyopita kwa ajili ya kukupokea. Katika muda huo akina mama wajawazito wameendelea kupakiwa kwenye bodaboda usiku kupelekwa kituo cha afya cha kata jirani.

Tulipouliza kwa nini ujenzi umesimama, tulijibiwa kwamba mfuko wa Halmashauri ni mdogo. Hatukulipuuza jibu hilo, kwa sababu tunajua historia yake. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu waliiita kodi ya kichwa, na hatuiombolezi hata kidogo. Wapo hapa leo wazee waliowahi kulala porini kwa kumkimbia mgambo. Halmashauri ziliahidiwa ruzuku ya kufidia vyanzo vilivyofutwa. Mwaka 2017 ushuru wa mazao, uliokuwa asilimia 5, ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kwenda wilaya nyingine akaondolewa ushuru. Lilikuwa jambo jema kwetu, lakini kila nafuu ya namna hiyo ilipunguza kilichoingia kwenye mfuko wa wilaya. Kodi ya majengo nayo, ambayo tangu mwaka 2021 tunakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, huenda kwanza Serikali Kuu. Kilichobaki mikononi mwa Halmashauri kwa sehemu kubwa ni leseni, vibanda, minada, mazao na ushuru wa meza zetu.

Hapo ndipo linapozaliwa jambo linalotuuma. Chanzo kikiwa chembamba, anayebanwa ni yule asiyeweza kujificha. Mama mwenye ndoo mbili za nyanya hufikiwa na mkusanyaji kabla hajazipanga mezani, ilhali lori la mnunuzi wa mahindi hupakia usiku na kutokea njia ya panya bila kuliona geti la ushuru. Sheria inamtaka mnunuzi ndiye alipe ushuru wa mazao. Sisi tunaouza tunajua kwamba huutoa kwenye bei anayotupa. Tena ushuru unapohesabiwa kwa gunia badala ya kilo, mnunuzi hufunga lumbesa, gunia likavimba juu kama kilemba, naye akalilipia kama gunia moja. Kwa lumbesa moja tunapoteza mara mbili: mkulima anapunjwa mahindi yake na Halmashauri inapunjwa ushuru wake. Mizani moja pale getini, na mtu wa kukaa nayo usiku, ingeongeza mapato bila kumgusa muuza nyanya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tungekosa shukrani tusiposema kilichoturudia. Kwa mujibu wa sheria, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chetu kilipata mkopo huo, tukanunua mashine ya kusaga iliyoko pale kona, na tukaurejesha wote kabla ya muda. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisitishwa nchi nzima ili utaratibu wake urekebishwe, kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirejeshwi na vikundi vingine vilikuwa vya majina tu. Ikarejea mwaka 2024. Tuliukubali usitishaji ule ingawa ulitukuta tukiwa na ombi la mashine ya kukamua alizeti, maana fedha isiyorejeshwa na kikundi hewa ni ushuru wa mwenzetu uliopotea. Ombi letu tumeliwasilisha upya.

Sasa tunaomba uturuhusu tuseme kuhusu risiti. Mwanachama mwenzetu mmoja, muuza dagaa, amekuwa akitunza risiti za POS, ile mashine ya mkononi ya kukusanyia ushuru, ndani ya kopo la maziwa. Mwaka jana alizimwaga mezani ili tujumlishe tulicholipa, tukakuta nyingi zimefifia hadi kubaki karatasi nyeupe. Tangu siku hiyo tumeweka daftari. Kila Jumatano jioni kila mwanachama husema alicholipa, anaonyesha risiti, na katibu anaandika tarehe na kiasi. Zipo pia Jumatano ambazo mkusanyaji alisema mashine imeisha chaji, akapokea fedha mkononi na kuahidi risiti ambayo haikuja. Hatuna nia ya kumshtaki mtu hapa. Lakini taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara kadhaa kwamba katika halmashauri mbalimbali yapo makusanyo ya mashine hizo ambayo hayakufikishwa benki, nasi tunapoisikia habari hiyo redioni tunalikumbuka boma letu na mbuzi wake.

Tunajua mishahara ya mganga na muuguzi italipwa na Serikali Kuu. Tunajua pia kwamba mapato ya ndani ndiyo yanayotarajiwa kununua dizeli ya gari la wagonjwa, kuzoa taka za gulio, kulipa posho za vikao na kumalizia maboma, na kwamba fedha zikipungua kinachoahirishwa kwanza ni boma, kwa kuwa boma halipigi kelele. Tunaomba mwaka huu lisiwe la kuahirishwa. Baada ya bati bado kuna plasta, milango, umeme na nyumba ya mganga. Mchanga na maji tutaleta sisi kama tulivyoleta mwanzo; saruji na fundi tunaomba viingizwe kwenye bajeti ijayo, na tuelezwe mapema kama vimeingia au havikuingia.

Tunaomba vilevile kwamba kila robo mwaka libandikwe kwenye ubao wa gulio tangazo lenye mambo mawili tu: gulio hili limekusanya kiasi gani, na katika hicho ni kipi kimerudi hapa. Liandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwani baadhi yetu macho yameanza kuchoka. Choo cha gulio, ambacho tunakilipia kila tunapoingia na ambacho hakina mlango tangu mavuno yaliyopita, kinaweza kuwa mstari wa kwanza wa tangazo hilo.

Kwa upande wetu, tumekubaliana kwenye kikao kwamba mwanachama atakayekwepa ushuru atatozwa faini na kikundi, na atakayelipa bila kudai risiti atatozwa faini ileile. Daftari letu liko mezani mbele yako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, na pembeni yake ipo nakala tuliyoitoa kwa ajili yako. Tunakuomba uende nayo, umkabidhi mhasibu wa mapato, ailinganishe na kumbukumbu za mashine Jumatano kwa Jumatano, kisha atuletee majibu hapa gulioni.

Tunaomba kuwasilisha.