Riwaya ya Kiswahili isipimwe kwa hesabu ya Kiingereza

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo kuhusu hii ishu ya kupanga hadithi kwa idadi ya maneno. Kule Marekani tuzo za Nebula, zile za hadithi za kisayansi na za kufikirika, zinasema chini ya maneno 7,500 ni hadithi fupi, ukifika 17,500 unaingia kwenye novela, yaani riwaya fupi, kuanzia 40,000 ndo riwaya. Sawa, ni vipimo vya Kiingereza na vinawafaa wenyewe. Shida ni pale mtu anapovibeba vilevile mpaka huku halafu anamwambia mwandishi wa Kiswahili kazi yako haijafika riwaya.

Hebu chukua "hatutawapikia". Kompyuta inahesabu neno moja, Mwingereza kitu hichohicho kinamla maneno sita. "Nilipomwona", yeye manne. Kwahiyo kisa ni kilekile, wahusika walewale, lakini hesabu inaonyesha wetu kaandika kidogo! Na bado sijagusa tahajia, maana huyu anaandika "kwa sababu" yule "kwasababu", hadithi moja ikipita mikono miwili inatoka na hesabu mbili.

Matokeo yake watu wanajaza. Unasoma mswada, mhusika anaamka, anapiga mswaki, anachemsha chai, anatafuta kiatu, kurasa zinaenda hakuna kilichotokea, mwandishi anasaka idadi tu. Inaniuma kwa kweli, kwasababu kipaji unakiona kabisa kipo. Kusadikika ya Shaaban Robert ni kitabu chembamba tu na shuleni tumefundishwa ni riwaya, na ni riwaya kweli, ina dunia yake nzima mule ndani.

Sisemi ukomo uondolewe, majaji nao lazima wajue watasoma kiasi gani. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola inapokea na Kiswahili, maneno 2,000 mpaka 5,000, na hapo kwenye 5,000 sisi tunapata nafasi kubwa kuliko wenzetu wa Kiingereza, ila kwenye ile 2,000 tunabanwa. Wajapani wana karatasi zao za vyumba 400, kila herufi chumba chake, mwandishi anaambiwa leta karatasi kadhaa basi, kipimo kinaendana na lugha yao.

Na sisi tuhesabu herufi. Programu za kuandikia zinaonyesha idadi ya herufi palepale inapoonyesha maneno, haina gharama yoyote. Nawaomba nyie gazetini muanze, mkitangaza tena nafasi ya hadithi za wasomaji andikeni ukomo kwa herufi.

Msomaji wenu,
Morogoro