Siku nne za kumuuguza mtoto hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo wazazi tunalizungumza kila tukikutana kwenye mabenchi ya kliniki, kisha linaishia hapo hapo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua. Ni siku nne kwa mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36, na ndizo hizo hizo utakazotumia ukifiwa na mzazi, mwenza au ndugu. Mfanyakazi akiugua yeye mwenyewe anapata siku 126 katika mzunguko huo: nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Sina ugomvi na hizo 126. Ninachouliza ni nani alipima akaona kwamba mtoto mdogo, asiyeweza hata kusema panapomuuma, atauguzwa kwa siku nne ndani ya miaka mitatu.

Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo wake haukujifunga vizuri akiwa tumboni. Alifanyiwa upasuaji akiwa mchanga, baadaye akawekewa mrija wa kutoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Watu wakiona kovu limepona hudhani mambo yamekwisha. Lakini mishipa ya fahamu iliyoathirika pale mgongoni ndiyo inayoongoza miguu, kibofu na choo. Kwa hiyo kila baada ya saa chache lazima atolewe mkojo kwa mpira, mikono imenawiwa kwa sabuni na mpira wenyewe ni safi. Ukichelewa, mkojo unatuama, vijidudu vinazaliana, na mwisho wake figo zinaharibika. Si kazi ngumu kujifunza. Muuguzi alinifundisha mimi, nami nikamfundisha mdogo wangu. Shida ni kwamba lazima mtu awepo, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu.

Halafu kuna ule mrija. Unaweza kufanya kazi vizuri kwa muda mrefu, kisha ukaziba ghafla. Mtoto anaanza kutapika, analala kupita kawaida, analalamika kichwa. Hapo husubiri kesho, wala husubiri msimamizi apokee simu. Unambeba mtoto unakwenda. Ulipoziba wa kwetu, siku zangu nne ziliisha tukiwa bado wodini.

Sisi wa Morogoro tunafuata kliniki Dar es Salaam, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 imetupunguzia sana adha ya barabara, na ninashukuru kwa hilo. Hata hivyo siku ya kliniki inaisha yote, na mtoto wa aina hii hana kliniki moja. Ana ya kichwa, ya mkojo, ya miguu, na mazoezi ya viungo.

Msimamizi wangu ni muungwana, na mara nyingi amenipa ruhusa kwa huruma yake tu. Akihamishwa kesho, sijui atakayekuja ana moyo gani. Kina mama niliolazwa nao, wapo walioandika barua za kuacha kazi kabla hawajafukuzwa. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, Mhariri: kwa wengi wetu bima ya afya ya mtoto imetokana na ajira ya mzazi. Mama anaacha kazi ili amuuguze mwanawe, na kwa kuacha kazi mwanawe anapoteza kadi inayomlipia matibabu. Baada ya hapo ni kuchangishana, kuuza kiwanja, au kubaki nyumbani kliniki zikipita.

Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa. Mama aliyejifungua mtoto njiti akaongezewa likizo, jambo jema kabisa, na ikaletwa likizo ya dharura isiyozidi siku 30. Lakini hiyo ya dharura haina malipo. Mzazi anayenunua mipira ya mkojo, dawa na tiketi anaambiwa aende, ila bila mshahara, mwezi ule ule anaouhitaji kuliko miezi yote.

Ninachoomba kinaandikika kwenye sheria. Iwepo likizo yenye malipo ya kumuuguza mtoto mwenye maradhi ya muda mrefu au ulemavu, kwa barua ya daktari, na isichanganywe na siku za msiba. Awe na haki, baba au mama, ya kupangiwa zamu zinazoendana na matunzo ya mtoto. Najua waajiri watauliza nani atalipa. Mafao ya uzazi leo yanalipwa na NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kwa wanachama wake. Mzigo huu nao unaweza kubebwa na mfuko kwa njia hiyo, usimwangukie mwajiri mmoja mwenye wafanyakazi sita.

Mama lishe na kibarua hawatafikiwa na sheria hii, nalijua hilo, na kwao bima ya mtoto isiyotegemea ajira ya mzazi ndiyo ya kwanza.

Kwa sisi tulioajiriwa, naiomba TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, iliingize suala hili kwenye madai ya Mei Mosi ijayo, likitajwa kwa jina lake: kifungu cha 34, siku nne.

Mzazi,
Morogoro