Usikitupe kile kiti

Mpendwa Rehema,

Barua yako kuhusu buibui uliyemkuta chini ya kiti nimeisoma mara mbili, na mara ya pili miguu nilikuwa nimeshaipandisha juu ya kochi. Nashukuru umeniandikia kabla hujapuliza dawa nyumba nzima, maana mimi nilishafanya hivyo na najua mambo yalivyoishia. Nilijifungia stoo na kopo zima la dawa ya wadudu. Nilikohoa siku mbili. Mende walikufa, sisimizi walikufa, lakini buibui niliyekuwa namwinda nilimkuta siku ya tatu amening'inia palepale, na utando mpya juu yake. Baadaye ndipo nilipoelewa: mende huburura tumbo lake kwenye dawa, ila buibui hutembea kwa ncha za miguu, tena muda mwingi yuko juu ya nyuzi zake. Dawa iliyokauka sakafuni haimgusi sana. Kwa hiyo nilimwangamizia chakula, nikajiumiza kifua, yeye akabaki.

Sasa huyo uliyemkuta chini ya kiti cha plastiki. Unasema ni wa kahawia, tumbo mviringo kama kifungo cha koti, miguu ina mistari, na pembeni kuna vijipira vyenye miiba. Hivyo vijipira ndivyo vilivyonifanya nikuamini. Ni vifuko vya mayai, na buibui wa nyumbani anayetaga kwenye kifuko chenye vimiiba hivyo ni mjane wa kahawia, wa ukoo uitwao Latrodectus, ukoo mmoja na wale wajane weusi wanaoogopwa dunia nzima. Kifuko kimoja hubeba mayai zaidi ya 100. Ukimmulika kwa chini utaona alama ya rangi ya chungwa, pembetatu mbili zilizogusana ncha, kama ngoma iliyobanwa kiunoni. Na utando wake hauna umbo la duara linalopendeza. Ni vurugu tupu ya nyuzi, ila ngumu ajabu. Niliwahi kuukata kwa kijiti nikasikia kabisa zinalia, ta-ta-ta, kama uzi wa cherehani unaokatika.

Ana sumu, sikufichi. Lakini hana ugomvi. Ukimtikisa, mara nyingi hujiangusha, akakunja miguu na kujifanya mfu. Huuma anapobanwa: kidole kilichoingia chini ya kiti unapokiinua, mguu uliozama kwenye buti lililolala nje, mkono uliobeba kuni au tofali bila kutazama. Zamani, vyoo vikiwa nje, wajane walikuwa wakiuma watu waliokaa chooni, kwa sababu chini ya kile kikalio ni giza, na inzi ni wengi. (Usicheke. Mimi nilicheka, kisha usiku huohuo nikaenda na tochi.)

Kwa hiyo mimi nimejizoeza jambo moja tu, jicho litangulie mkono. Viatu vya nje navikung'uta na kuvigonga sakafuni. Kiti nakigeuza kabla ya kukisogeza. Glavu naivaa ninapohamisha vyungu vya maua, lakini glavu yenyewe naibonyeza kwanza, maana nayo ni pango. Kitanda nimekiachanisha na ukuta, chandarua nakichomekea chini ya godoro. Maboksi ya stoo nimebadilisha yakawa ndoo zenye mifuniko. Ile taa ya mlangoni nayo naizima nisipoihitaji, kwani inaita wadudu, na wadudu ndio wanaomwita buibui.

Akikuuma, osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, utulie. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Huyu wa kahawia mara nyingi humwachia mtu maumivu ya pale pale tu. Mjane mweusi ndiye mwenye shari zaidi: sumu yake huchokoza mishipa ya fahamu, ndani ya saa chache maumivu yakapanda, misuli ya tumbo ikakakamaa, jasho likatoka. Ukiona hayo, au pumzi ikiwa nzito, nenda hospitali bila kungoja asubuhi. Na aliyeumwa akiwa mtoto, mzee au mjamzito, usisubiri dalili hata kidogo. Ukiweza mpige picha huyo buibui, ila usimkimbize na simu mkononi.

Umeuliza pia kuhusu kidonda cha shemeji yako. Wapo buibui wa ukoo wa Loxosceles, wenye macho sita badala ya manane, ambao sumu yao huweza kuozesha ngozi. Wapo kweli. Lakini kidonda ambacho hakuna aliyemwona buibui mara nyingi ni maambukizi ya bakteria, na buibui anasingiziwa. Akakionyeshe kwa daktari. Akikitibu kama sumu atachelewa dawa aliyoihitaji.

Na yule buibui wa Sydney, Australia (wanamwita funnel-web), aliyekukosesha usingizi ulipomsoma, muache hukohuko. Ni hatari kweli, ila dawa ya kuzima sumu yake ilianza kutumika mwaka 1981, na tangu hapo hakuna kifo kilichothibitishwa.

Kinachoniuma ni wale buibui wengine uliosema umewaponda. Duniani kuna aina zaidi ya 50,000 za buibui, na wanaoweza kumdhuru mtu wanahesabika. Yule mkubwa bapa anayekimbia kiubavu ukutani anakula mende. Yule wa miguu mirefu kama nywele, anayetikisika kwenye pembe ya dari, hula buibui wenzake, wajane wakiwemo. Mimi wangu wawili nimewaachia bafu. Na kando ya Ziwa Victoria yuko mdogo anayeruka, anayependa mbu aliyeshiba damu kuliko kitu kingine chochote. Wa namna hiyo akikukera, mfunike na glasi, pitisha karatasi chini, mtoe nje.

Mjane wa chini ya kiti simwonei huruma, nakwambia ukweli, hasa kwako wewe mwenye watoto wanaoingiza vidole kila mahali. Kile kiti usikitupe. Kitoe mchana, kwenye mwanga, ukigeuze ukiwa na glavu na viatu vya kufunika vidole. Ponda mama kwanza kwa fagio la mpini mrefu, kisha vifuko kimoja kimoja, usikifagie hata kimoja kikaenda kuanguliwa uani. Halafu geuza na vile vingine vitatu. Uliniandikia kuhusu kiti kimoja, Rehema, na mimi nakumbuka viko vinne.

Wako,
Mwanaidi