Barua ya wazi kwa Afisa Habari wa Halmashauri yetu: aliyerudisha maji ni fundi

Ndugu Afisa Habari,

YAH: VICHWA VYA HABARI UNAVYOWAANDIKIA WANAWAKE WALIO KAZINI

Pokea salamu zangu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu nimekwisha kukuandikia faraghani mara mbili, na mara ya tatu nikaja mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la nje ya ofisi yako tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, ukanipokea kwa heshima na kuniahidi kwamba jambo lile halitajirudia. Nilikuamini. Jumanne iliyopita limejirudia, na safari hii halikunipata mimi bali msichana ninayemfundisha kazi.

Msichana huyo ana umri wa miaka 19. Siku hiyo alifungua kisanduku cha kuwashia pampu ya zahanati, akaona kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imevimba, akaibadilisha, akapima waya zote moja baada ya nyingine, kisha akawasha na maji yakapanda tangini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuifanya kazi hiyo bila kuelekezwa, nami nilisimama nyuma yake nikijizuia kusema neno. Jioni ofisi yako ikatoa taarifa yenye kichwa hiki: "Binti mrembo awashangaza wanaume, ashika spana na kurudisha maji." Redio ya hapa ikaisoma kama ulivyoiandika. Jina lake halimo katika kichwa hicho. Halimo katika habari yenyewe hadi aya ya nne, baada ya wasomaji kuelezwa kwamba bado hajaolewa.

Alipoisikia aliniuliza: "Fundi, kwani ni nini kilichowashangaza?" Sikuwa na jibu la kumpa, ndiyo maana nimeamua kulitafuta kwako.

Naomba nikukumbushe yaliyonipata mimi. Kisima cha kijiji chetu kilikuwa kimesimama kwa siku tisa, na akina mama walikuwa wakiamka saa kumi usiku kwenda mtoni. Tuliivuta pampu kutoka mita 84 chini ya ardhi, bomba 28 za mita tatu tatu, tukizifungua moja moja na kuzilaza juu ya magogo zisiguse matope. Mikono yangu ilichubuka. Tatizo tulilikuta mahali ambapo mafundi wengi hawaanzi kuangalia: kiungio cha waya kilikuwa kimeingia maji, hivyo kila ukiwasha, swichi inakata, nawe unadhani mota imeungua. Kama kamati ingeshawishika kununua mota mpya, fedha za wananchi zingepotea bure. Nilikata kile kiungio, nikaunga upya, nikakifunga vizuri, tukapima tena kwa mega, yaani kipimo cha kuonyesha kama waya zinavujisha umeme, tukaishusha pampu. Maji yalitoka saa kumi na moja jioni.

Ulikuja asubuhi iliyofuata na mpiga picha. Mliniomba nivue ovaroli, nijifunge khanga safi, nisimame na ndoo kichwani kando ya bomba. Nilikubali kwa kuwa nilikuwa nimechoka na kwa kuwa mlikuwa wageni wangu. Kichwa kilichotoka kilisema: "Mke wa mwalimu afufua kisima kilichowashinda wengi, ni mama wa watoto wanne." Mume wangu siku hiyo alikuwa darasani akisahihisha madaftari. Yeye mwenyewe aliisoma taarifa ile akaniambia ameona aibu, maana ametajwa kabla yangu kwa kazi ambayo hakuigusa.

Labda utasema ni jambo dogo. Miezi miwili baadaye nilifika kijiji kingine na vifaa vyangu vikiwa juu ya pikipiki, na mwenyekiti wa kamati ya maji akaniamkia vizuri, akanikaribisha kiti, kisha akatazama barabara nyuma yangu na kuuliza: "Sasa fundi mwenyewe yuko wapi?" Nilimwambia ndiye mimi. Akasema: "Ahaa, wewe ndiye yule mama aliyebahatisha." Walinitaka nirudi na mwanamume wa kunisimamia, na ujira wakaukata nusu kwa hoja kwamba nitakayemleta naye atahitaji kulipwa. Hilo neno "kubahatisha" silioni kama limetoka hewani. Ukiiandika kazi ya mtu kama mwujiza, msomaji hujifunza kwamba haikutarajiwa, na kisichotarajiwa hakiwezi kutegemewa kesho. Miaka 14 ya ufundi wangu iligeuka tukio la siku moja.

Uliponipokea ofisini ulinijibu kwamba neno "mama" kwetu ni heshima. Ni kweli, na mtaani ninaitwa kwa jina la mwanangu wa kwanza, ninaitika kwa furaha. Ila mwezi ule ule ofisi yako iliandika juu ya mwenzangu aliyejenga tangi la shule, na kichwa kilikuwa "Fundi akamilisha tangi la shule." Ana watoto sita, hawakutajwa. Uso wake haukuelezwa wala mkewe hakutafutwa. Heshima ile ile niliyopewa mimi, mbona yeye mmemnyima?

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kimekupa nafasi ya kuliepuka hili bila taabu yoyote. Ukiandika "arejesha maji", kiambishi "a" hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. "Fundi" halisemi, "daktari" halisemi, wala "dereva", "mhandisi" na "nahodha". Zipo lugha ambazo mwandishi hulazimika kuitaja jinsia ya mtu kila anapomrejelea. Wewe hulazimiki. Kwa hiyo kila "mrembo", kila "mwanamama", kila "mke wa" anayetangulia kwenye kichwa cha habari hakuletwa na sarufi, ameletwa na mkono wa mwandishi aliyefikiri kwamba kazi peke yake haitasomwa. Nadhani sababu ni haraka, na pengine hofu kwamba habari ya pampu haina mvuto. Wananchi waliokaa siku tisa bila maji wanaona mvuto wake vizuri sana.

Sisemi kwamba kosa hili limezaliwa katika wilaya yetu. Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, Corey Cogdell wa Marekani alishinda medali ya shaba ya kulenga shabaha, ya pili kwake baada ya ile ya Beijing 2008, na gazeti la Chicago Tribune likamtangaza kuwa mke wa mchezaji wa Bears, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chicago, bila kumtaja jina. Watu walilikemea, na walikuwa na haki. Hapa jirani, Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018, akashinda tena dhahabu ya mita 1500 Tokyo na Paris, na mara ngapi nimesoma "mama" kabla ya kusoma muda aliokimbia. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019 naye alikuwa baba wa watoto watatu, lakini kichwa cha habari kilichoanza na watoto wake sijakiona mpaka leo.

Mkutano wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 uliweka sehemu nzima kuhusu wanawake na vyombo vya habari, na Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Mwaka huo huo ulianza ufuatiliaji wa habari duniani unaorudiwa kila baada ya miaka mitano. Ulionyesha kwamba wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaoonekana na kusikika katika habari, na hadi mwaka 2020 walikuwa wamefika asilimia 25. Kama nafasi yetu ni robo tu, basi robo hiyo isitumike kuhesabu watoto wetu. Na Katiba yetu, Ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Kutambuliwa huanzia kwenye jina.

Sikuombi uache kuandika habari za wanawake, maana ukiacha utakuwa umetuadhibu mara mbili. Andika. Andika kiungio kilichoingia maji, andika kapasita iliyovimba, andika zahanati ilikaa siku ngapi bila maji na kwa nini, na kama fedha za matengenezo zilichelewa liandike hilo pia. Picha itaonyesha kwamba fundi ni mwanamke, na kila mwenye macho ataona. Jina langu silitaji hapa kwa sababu unalo, liko kwenye karatasi zako za malipo, na kwa sababu leo siliombei langu.

Ombi langu ni moja. Yule msichana anakwenda kufanya mtihani wa ufundi Jumatatu ijayo, na watakaomsimamia wameisikia redio kama tulivyoisikia sote. Itoe upya taarifa ile kabla ya Ijumaa. Futa "binti mrembo", futa mshangao wa wanaume, ondoa maneno ya ndoa yasiyohusika, na mahali pake uandike jina lake kamili na neno "fundi". Ukikosa nafasi ya kubadilisha mengine yote, nakuomba ubadilishe kichwa peke yake. Uandike jina lake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa pampu za maji