Barua kwa Atupele: Hamada Shoji na jiwe la Mashiko

Falmouth, Cornwall

Mpendwa Atupele,

Barua yako kutoka Kyela imenifikia, pamoja na picha za joko lako jipya la kuchomea vyungu. Limesimama vizuri, na tao la mlango limekaa sawasawa kabisa. Nifikishie pongezi kwa fundi aliyelipanga. Mama mpe shikamoo zangu, na umwambie kwamba dawa ya mguu aliyoniulizia nitampa binamu yako akija huko.

Uliniomba nikuangalizie bei za glezi za unga huku Uingereza, ule upako unaoyeyuka jokoni na kuwa kioo juu ya chombo. Nimekuangalizia, nimeziandika kwenye karatasi ya pili. Ila kabla hujatuma hata shilingi, naomba unisikilize kidogo habari za mfinyanzi mmoja wa Japani aitwaye Hamada Shoji. Sehemu ya ujana wake aliitumia St Ives, mji mdogo wa bahari usio mbali na hapa ninapoishi. Kila ninaposoma jinsi alivyopata glezi zake, nakufikiria wewe na zile mashine za kukoboa mpunga zilizo nyuma ya nyumba yenu.

Hamada alizaliwa mwaka 1894 huko Kawasaki, jirani na Tokyo. Akasomea ufinyanzi katika chuo cha ufundi cha Tokyo, chini ya Itaya Hazan, bingwa wa porseleni, vile vyombo vyeupe laini vya udongo, wa zama zile. Humo chuoni akampata Kawai Kanjiro, wakawa marafiki hadi uzeeni. Walipomaliza, wote wawili waliajiriwa katika kituo cha jiji la Kyoto cha kufanyia majaribio ya vyombo vya udongo. Kazi yao ilikuwa glezi: kupima unga kwenye mizani, kuchanganya, kuchoma, kuandika matokeo, kuanza upya. Inasimuliwa kwamba kati yao walifikisha majaribio kama 10,000. Kwa hiyo usije ukadhani kwamba yale aliyoyafanya baadaye aliyafanya kwa kukosa elimu. Kemia ya glezi aliijua kama wachache walivyoijua katika nchi yake.

Mwaka 1920 akasafiri kwa meli pamoja na Bernard Leach, Mwingereza aliyekuwa amejifunza ufinyanzi Japani, wakafungua karakana St Ives. Walijenga joko la kupanda mteremko kwa mtindo wa Kijapani, la kwanza la aina yake katika nchi za Magharibi. Halikuwa joko zuri. Mjapani mwingine, Matsubayashi, alikuja baadaye kulijenga upya. Kuni zilikuwa shida, udongo mzuri ulikuwa shida. Hamada akawa anazunguka vijijini kutafuta udongo na kuchoma mimea ili apate majivu ya kujaribia. Nimefika kwenye karakana hiyo, ambayo sasa ni makumbusho, na joko la vyumba vitatu bado lipo. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Huku hakuna msitu wa kutosha wa kulilisha joko kama lile, na nikaona wazi jinsi kijana yule alivyolazimika kuuliza kila asubuhi mahali hapa pana nini.

Jambo jingine lililomgusa akiwa Uingereza ni Ditchling, kijiji cha kusini ambako wasanii wa mikono walikuwa wakiishi kwa kazi zao, mbali na jiji. Alikwenda huko na Leach, wakakaribishwa na mfumaji Ethel Mairet. Akawaona watu wanafuma, wanachonga na wanalima, na chakula chao kinaandaliwa kwenye vyombo vya wafinyanzi wa nchi ile ile. Akatamani maisha ya namna hiyo. Mwaka 1923 akafanya maonyesho London, na mwaka huo huo mwezi Septemba tetemeko kubwa likaiharibu Tokyo. Mwaka 1924 akarudi nyumbani.

Angeweza kukaa Kyoto pamoja na Kawai, mahali penye wanunuzi na heshima. Akaenda Mashiko. Ni mji wa mkoa wa Tochigi, kaskazini ya Tokyo, ambao ufinyanzi wake ulianzishwa na Otsuka Keizaburo mwaka 1853. Kazi ya Mashiko ilikuwa vyombo vya jikoni: mitungi ya maji, bakuli za kusagia, mabirika ya chai yenye picha za milima na maji. Birika moja la namna hiyo ndilo lililomvuta tangu zamani, alipoliona nyumbani kwa mwalimu wake Hazan. Wenyeji wa Mashiko walimshangaa. Msomi aliyetoka Ulaya, mwenye jina London, amekuja kufanya nini na udongo wao wa kukwaruza? Alipanga kwa watu miaka kadhaa, na vipindi vya baridi alikwenda Okinawa, kwenye karakana za Tsuboya, akifinyanga pamoja na mafundi wa huko. Shina la muwa uliopindwa na upepo, ambalo utaliona limechorwa kwenye vyombo vyake vingi, alilichukua huko Okinawa akawa analichora maisha yake yote. Mwaka 1930 ndipo akapata nyumba yake mwenyewe Mashiko.

Sasa glezi, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikae kuandika.

Glezi iliyomtambulisha ni ile ya rangi ya kaki, tunda la Kijapani lililoiva: kahawia inayoelekea wekundu, isiyong'aa sana, yenye joto ukiitazama. Ukitafuta maelekezo yake utadhani kuna sehemu imefutwa. Ni jiwe tu. Jiwe lenyewe linachimbwa Ashinuma, pale pale Mashiko, na wafinyanzi wa mji walikuwa wanalitumia kwenye mitungi na bakuli zao kabla yeye hajafika. Unalisaga, unachanganya unga na maji, unamwagia chombo, basi. Ndani yake kuna chuma kingi. Moto ukipanda hadi karibu nyuzi 1,300, unga unayeyuka na kuwa kioo. Joko linapopoa polepole hewa ikiingia, chuma kilichozidi kinajitenga na kuibuka juu ya kioo kikiwa chembe ndogo mno, nazo ndizo zinazotoa ule wekundu. Ukilitia jiwe lile lile majivu ya kuni, linakuwa jeusi. Kwa hiyo ana rangi mbili kubwa kutoka shimo moja.

Kisha akazicheza. Chombo anakimwagia nyeusi kwanza, anachora juu yake kwa nta iliyoyeyushwa, halafu anamwaga kaki. Nta inaikataa glezi ya pili, ikiungua jokoni mchoro unabaki mweusi katikati ya wekundu. Mistari hiyo haina haya wala haina kusitasita. Kwenye makumbusho ya Victoria and Albert kule London wanazo kazi zake, na kitu kilichonishika mbele yazo ni uzito: unaona chombo kilichokusudiwa kubeba kitu, na rangi iliyokaa juu yake kama ngozi juu ya mwili.

Masahani yake makubwa aliyapamba kwa upawa. Sahani mkono mmoja, upawa wa glezi mkono wa pili, anaumwaga mstari unaokatiza, anauzungusha, mstari mwingine, amemaliza. Mgeni mmoja aliona haraka ile akasema, mbona kazi yenyewe ni sekunde 15 tu? Hamada akamjibu kwamba ni sekunde 15 na miaka 60. Wengi wanalipenda jibu hilo kwa sababu ya ile miaka 60. Mimi napenda pia zile sekunde 15. Alikuwa na elimu ya kumwezesha kusahihisha na kurembesha mpaka kesho, akachagua kuuacha mkono uende mara moja na kuuamini.

Majina mengine utayasikia ukimfuatilia. Yeye, Kawai na mwanafikra Yanagi Soetsu ndio walioanzisha lile vuguvugu la kuheshimu sanaa za watu wa kawaida, mnamo 1925 na 1926, na mwaka 1936 wakafungua makumbusho yake huko Tokyo. Vyombo vyake aliacha kuvitia sahihi baada ya kurudi kutoka Uingereza. Jina aliliandika kwenye sanduku la mbao tu. Mwaka 1952 alizunguka Ulaya na Marekani pamoja na Yanagi na Leach, wakifundisha. Mwaka 1955 serikali ya Japani ilimtangaza kuwa Hazina Hai ya Taifa, miongoni mwa wa kwanza kabisa, na mwaka 1968 akapewa Nishani ya Utamaduni. Alipokaribia mwisho aligeuza sehemu ya makazi yake kuwa makumbusho ya vitu alivyovikusanya duniani, akisema vilimfundisha na sasa viwafundishe wengine. Yalifunguliwa 1977. Akafariki Januari 1978.

Na usidhani habari hii haifiki kwetu. Mwaka 1923, Hamada akiwa bado St Ives, alikuja kujifunza pale kijana aitwaye Michael Cardew. Huyo baadaye alikwenda Afrika Magharibi, na mwaka 1951 akaanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja ya zamani, Nigeria, mji ambao leo unaitwa Suleja, ambako mfinyanzi Ladi Kwali aling'ara. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kujifunza huko huko miaka ya sabini. Odundo hatumii glezi kabisa. Anasugua udongo mpaka unang'aa wenyewe, kama bibi zetu. Bado, mnyororo wa watu waliofundishana unatoka kwenye joko lile bovu la St Ives hadi kwake.

Basi turudi Kyela. Hamada alikuwa na glezi nyingine, nyeupe kama maziwa mazito, na uti wa mgongo wake ni majivu ya pumba za mpunga. Pumba! Majivu yake yamejaa silika, kitu kile kile kinachofanya kioo. Mashiko wanayachanganya na majivu ya kuni pamoja na unga wa jiwe. Na ninyi mnaishi katikati ya mpunga, watu wanazimwaga pumba barabarani zikioza. Juu yenu kuna Rungwe, na mawe ya volkano yamejaa njia nzima ya Tukuyu, meusi, mekundu, mengine mepesi hadi yanaelea. Wewe mwenyewe ulinipeleka kwa Wakisi kule Matema, ukanionyesha jinsi akina mama wale wanavyojua kila udongo na unakotoka. Sioni kwa nini glezi yako ianzie kwenye mfuko wa plastiki uliopakiwa Uingereza.

Nakuomba ujaribu hivi. Choma pumba taratibu hadi ziwe kijivu cheupe, zioshe, zichuje. Okota mawe ya aina mbili tatu, yapondeponde kwenye kinu cha zamani ambacho hamtakitwangia chakula tena. Vaa barakoa, Atupele, usinidharau katika hili. Vumbi la silika linaharibu mapafu na halitoki. Paka kwenye vigae vidogo: kimoja jiwe peke yake, kingine jiwe na majivu ya kuni, kingine jiwe na majivu yote mawili. Viweke kwenye sahani ya udongo wa ziada ili glezi ikitiririka isikamate sakafu ya joko. Kinachonitia wasiwasi ni moto. Vyungu vya Matema vinachomwa kwa moto mdogo, na glezi za namna hii zinadai zaidi ya nyuzi 1,200, kwa hiyo pima kwanza kama udongo wako unavumilia kabla ya kuweka vyombo vya wateja. Pia andika kila kitu daftarini, jiwe limetoka wapi na umechanganya vijiko vingapi.

Koni za kupimia joto nimekununulia, binamu yako atazibeba pamoja na dawa ya mama. Vigae vikitoka, hata vile vibaya, hasa vile vibaya, nipigie picha ukiwa juani na uniandikie kila kimoja kilikuwa wapi ndani ya joko. Kama baada ya hapo bado utataka unga wa dukani, bei zipo kwenye karatasi ya pili na nitakununulia kwa moyo mmoja.

Wako,
Neema