Hamu haipigiwi kelele

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waimbaji wa bendi za harusini na hotelini wanaopenda zile nyimbo za taratibu za mapenzi za waimbaji wa Marekani wa zamani, akina Bing Crosby, Nat King Cole na Frank Sinatra. Sauti mnazo. Kinachokosekana ni hamu, ya mtu anayemuwaza aliye mbali, na inakosekana kwa sababu mnapaza sauti pale inapotakiwa kushushwa.

Mtindo ule umezaliwa na maiki. Kabla ya 1925 studio zilirekodi kwa pembe kubwa ya kukusanya sauti, bila umeme, na mwimbaji ilibidi atoe sauti ya nguvu ili sindano ichore sauti kwenye santuri. Ilipokuja maiki ya umeme, Crosby aliweza kuimba kana kwamba anamsemesha mtu mmoja sikioni. Ukiimba kwa nguvu, faida hiyo yote umeitupa.

Basi kwenye maneno ya chini maiki iwe sentimita 5 hivi kutoka mdomoni. Ikiwa karibu hivyo huongeza besi, na sauti inapata ule ujotojoto. Noti ya juu ikija, isogeze hadi 20. Iinamishe kando kidogo, maana "p" ya "mpenzi" hupiga mshindo kwenye spika. Na jamani, msikifunike kichwa cha maiki kwa kiganja! Mnaziba matundu yanayoikinga isinase sauti ya spika, ndiyo maana inapiga mluzi.

Kazi kubwa iko kwenye pumzi. Wimbo ukienda mapigo 60 kwa dakika, mstari wa mapigo 16 ni sekunde 16. Wengi hukatia katikati wakavuta hewa, maneno yakawa vipande vipande. Sinatra, akiwa kwenye bendi ya Tommy Dorsey kati ya 1940 na 1942, alimwangalia kiongozi wake anavyounganisha mistari kwenye tromboni (tarumbeta ya kuvuta) bila kusikika akipumua, naye akawa anaogelea chini ya maji kupanua mapafu. Anzeni kidogo: vuta hewa tumboni, mabega yatulie, itoe kwa "sss" nyembamba ukihesabu hadi 16. Ukishaweza, pumua pale maana inapoishia, hata kama muziki unakupa nafasi mapema.

Sinatra alipenda pia kukawia kwenye "m" na "n". Hapa Kiswahili kinatubeba. Katika "nakupenda", tua kwenye "pe", acha "n" ivume puani kidogo, kisha "da" iwe fupi, laini. Mnaoivuta "daaa" mnahamisha mkazo, na neno linasikika kama limetamkwa na mgeni.

Fundi mitambo apunguze mwangwi, kwani ukizidi unafukia konsonanti hizo. Na mpiga ngoma aweke fimbo chini, ashike brashi za kupigia ngoma. Fimbo zikianza kugonga zile sahani za shaba za ngoma, sauti iliyoshushwa inamezwa, na mwimbaji akitaka kushindana nazo atarudi kupiga kelele.

Mwalimu wa uimbaji,
Tanga