Kwa Mama Mdogo wa Ikombe, kuhusu tanuri letu

Shikamoo, Mama Mdogo.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini chuo kinatufundisha kuujengea moto nyumba, ilhali ninyi huko Ikombe mnachoma vyungu uwanjani na kabla ya jua kuzama vimekwisha kuwa tayari kupelekwa sokoni Matema. Nilikujibu kwa haraka kwamba tanuri lina joto kali zaidi. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, na kwa kuwa wenzangu wanaosomea ufinyanzi huulizwa swali hilohilo na jamaa zao, nimeona nikuandikie hadharani, nao wapate cha kujibu.

Tanuri ulilozoea kuliona Kyela ni lile la matofali, ambalo matofali mabichi yenyewe ndiyo kuta, nalo likishapoa hubomolewa likauzwa lote. La kwetu ni chumba cha kudumu, kisichofika mita moja ya ujazo, kilichofunikwa kwa tao. Moto huwashwa pembeni, katika vinywa viwili, na kwa ndani kipo kikuta kifupi kinachouzuia usivirukie vyombo moja kwa moja, hivyo ukalazimika kupanda hadi kwenye tao. Huko juu hauna pa kutokea. Hugeuka, ukashuka katikati ya vyombo, ukaingia katika tundu lililoachwa sakafuni na kuvutwa na dohani iliyo nyuma. Dohani ndiyo inayoupa moto nguvu, na kwa sababu moto unalazimishwa kushuka, jambo ambalo si tabia yake, wajenzi wa matanuri ya namna hii huirefusha dohani kufikia takriban mara tatu ya kimo cha chumba.

Kilichotuchosha ni matofali. Tofali jekundu la kawaida halivumilii nyuzi 1,250 za Selsiasi; hulainika, likavimba na kupinda. Yale ya kiwandani yanayohimili moto bei yake ilitushinda, kwa hiyo tuliyafinyanga wenyewe kwa kaolini ya Pugu, ule udongo mweupe unaopatikana katika vilima vya upande wa Kisarawe, tukauchanganya na vigae vilivyosagwa na vumbi la mbao tuliloomba kwa maseremala. Vumbi hilo huungua tofali likichomwa na kuacha vitundu vidogo visivyohesabika, na hewa iliyonaswa humo ndiyo inayozuia joto lisikimbie nje. Saruji hatukuitumia popote karibu na moto, kwa kuwa ikichomwa mno hupoteza nguvu na kumomonyoka. Tuliunganisha matofali kwa uji wa udongo uleule. Tao tulilipanga juu ya kiunzi cha mbao, tukianzia pande zote mbili hadi tofali la katikati, na kiunzi kilipoondolewa lilishuka kidogo, kisha likajikaza lenyewe. Kwa kuwa tao husukuma kuta kwenda nje mchana na usiku, tulilizungushia fremu ya vyuma iliyofungwa kwa nondo. (Fundi aliyetuchomelea fremu hiyo aliamini hadi mwisho kwamba tunafungua kiwanda cha mikate.)

Sasa nirudi kwenye swali lako. Moto wa uwanjani hupanda upesi mno, ukafika mahali fulani kati ya nyuzi 600 na 900, na chungu cha kupikia hunusurika kwa sababu udongo wake una chembe za mchanga au vigae na vitundu vinavyoupa nafasi ya kutanuka. Kwa sababu hiyohiyo kikiwekwa juu ya mafiga hakipasuki. Mtungi wa maji nao hupoza maji kwa kuwa unatoa jasho: maji hupenya ukutani, yakakauka kwa nje, yakaondoka na joto. Vyombo hivyo vikiingia katika tanuri letu na kupelekwa nyuzi 1,250, udongo unaostahimili joto hilo huanza kugeuka kioo kwa ndani na vitundu vyake kuzibika. Utapata bakuli gumu, linalolia likigongwa, lisilonyonya mafuta wala harufu. Lakini ukilibandika jikoni litapasuka, na ukilitilia maji hayatapoa. Udongo usiostahimili joto hilo hulegea na kuporomoka kabla ya kufika huko. Kwa hiyo tanuri halikiboreshi chungu chako. Linatengeneza chombo kingine.

Wapo waliolijua hilo kabla yetu. Ladi Kwali wa Nigeria alikuwa mfinyanzi wa mitungi kwa mikono, kwa namna ya kwao, kabla hajaingia katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja (mji ambao leo unaitwa Suleja, si mji mkuu wa sasa) kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950. Pale mitungi yake ilianza kupakwa glezi, ule uji unaogeuka kioo juu ya chombo ukichomwa, na kuchomwa katika joto kubwa, ikawa ya kutazamwa katika majumba ya maonyesho, na leo picha yake imo katika noti ya naira 20. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda kusoma Uingereza, alifika Abuja akajifunza kwake, kisha akafuata njia ya kinyume: anatumia tanuri la gesi, lakini vyungu vyake havipaki glezi. Anavisugua ving'ae, akavichoma kwa hewa ya kutosha vitoke vyekundu, na anavyotaka viwe vyeusi anavirudisha katika moto ulionyimwa hewa. Mimi namwelewa zaidi huyu wa pili, ingawa glezi ya majivu ya mivinje inanivutia mno, hasa tunapoziba dohani kidogo na chuma kilichomo katika udongo kikaigeuza rangi ya zeituni.

Ninacholalamikia ni mtaala wetu. Tunafundishwa kusoma koni za kupimia joto, na tunajua kwamba tukikaribia nyuzi 573 lazima tupunguze kuni, kwa kuwa hapo kwatzi, yaani madini ya chembe za mchanga, iliyo ndani ya udongo hutanuka ghafla na inaweza kuupasua. Hakuna anayetufundisha namna ninyi mnavyolivuka joto hilohilo kwa mwendo wa kasi na vyungu vikatoka vizima. Somo hilo huitwa la kienyeji, likapewa mhadhara mmoja wa historia.

Basi nina ombi. Mwezi ujao gari la binamu linarudi Dar es Salaam kutoka Kyela. Nitumie udongo ukiwa mbichi kabisa, kabla hujauchanganya na chochote, na vyungu vidogo vilivyokauka ambavyo hujavichoma. Nitavipanga sehemu ya chini upande wa nyuma, ambako tanuri letu huwa na joto dogo, katika uchomaji wa kwanza unaoishia nyuzi 900, ili tulinganishe na vile utakavyochoma wewe mwenyewe uwanjani. Nauli ya mzigo nitalipa huku.